Kuvua Maji Matamu Kando ya Nairobi

Mvuvi wa Pwani hupanga safari yake kwa kuutazama mwezi. Hujua lini ni bamvua na lini ni maji mafu, saa ngapi bahari itakupwa na saa ngapi itajaa, na watoto wake huyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Elimu hiyo, pamoja na utukufu wake, haina kazi bara. Maji yaliyo karibu na Nairobi hayana kupwa wala kujaa. Saa yake ni upepo, baridi na wanyama. Jamaa wanaopanda gari la moshi kutoka Mombasa likizo ya Agosti kwenda kuwatembelea ndugu zao wa South C au Eastleigh, na watoto wakaomba kupelekwa kuvua, hawana budi kuipanga safari hiyo kama watu wasiopata kushika mshipi maishani mwao.

Ndani ya mji wenyewe hapana pa kuvua. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, na zamani watu walikuwa wakienda pale kuendesha mashua za tanga. Leo limefunikwa na magugu maji na kuingiliwa na maji taka. Mto Nairobi nao humwaga maji yake katika Athi, na Athi ndio huo huo tuuitao Galana, kisha Sabaki, unapoingia baharini karibu na Malindi. Basi uchafu wa mji mkuu si habari ya wakazi wake peke yao. Lakini hayo yana siku yake.

Ni lazima kutoka nje ya mji, na hapo ndipo penye uamuzi mkubwa. Rai yetu ni kwamba maji yachaguliwe kwa kumtazama mtoto aliye mdogo kuliko wote garini, si kwa kumtazama baba mwenye hamu ya samaki mkubwa.

Akiwa huyo mdogo hajafikia miaka saba au minane, nendeni kwenye mabwawa ya kufugia samaki. Yako Kiambu, na yako Sagana, kiasi cha kilomita 100 kwa barabara ya Nyeri, ambako serikali ina kituo cha ufugaji samaki tangu mwaka 1948. Baadhi ya wenye mashamba huwaruhusu wageni kuvua na kulipia samaki kwa kilo. Pigeni simu kabla ya kwenda, muulize bei, na muulize kama kuna choo safi na kivuli cha kukalia akina mama. Wavuvi hodari hulidharau bwawa, wakisema samaki wake ni kama kuku wa bandani. Na waseme. Binti wa miaka sita anayeliona chelezo lake likizama kwa mara ya kwanza hajui tofauti hiyo, na mama yake anaweza kunywa chai pasipo kuhesabu vichwa kila dakika. Jambo moja tu la kuangalia: kwa kuwa samaki hulipiwa kwa uzito, na samaki si mchezo wa kuulia muda, afadhali kukubaliana mapema idadi itakayotosha chakula, kisha mishipi ikunjwe.

Wakiwa watoto wamekua, Ziwa Naivasha ndilo lenye mvuto. Liko kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, zaidi ya mita 1,880 juu ya bahari, na ajabu yake ni kwamba halina mto unaotoka, lakini maji yake ni matamu, kwa kuwa hupenya chini ya ardhi. Samaki wake wengi ni wageni walioletwa: besi mwenye kinywa kikubwa alitoka Marekani miaka ya 1920, tilapia, ambaye bara humwita ngege, aliletwa pia, na karpi akaingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuenea mno.

Jina la Naivasha limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na aliyelipa ziwa jina hilo hakukosea. Asubuhi ziwa hutulia kama sinia. Baada ya adhuhuri upepo huvuma kutoka bondeni na mawimbi huinuka ghafula. Nahodha wa Pwani huenda akacheka, maana amezoea kusi, lakini motaboti za pale ni ndogo na maji matamu hayambebi mtu kama maji ya chumvi. Aogeleaye vizuri Nyali asijidanganye. Kisha kuna viboko. Mchana hujizamisha majini na huweza kukipindua chombo kinachopita juu yao. Jioni hutoka kula majani, na anayesimama kati ya kiboko na maji yuko hatarini kweli. Wavuvi wameuawa katika ziwa hili.

Ratiba basi inajipanga yenyewe. Ondokeni Nairobi mara baada ya sala ya alfajiri, kabla malori hayajaijaza barabara ya Mai Mahiu. Ingieni chomboni saa mbili, mrudi nchi kavu ifikapo saa tano, na saa kumi pasiwe na mtoto aliyebaki ukingoni. Kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, baba naye, na lifungwe vifungo vyote juu ya buibui au kanzu. Mwenye chombo akisema majaketi hayatoshi, mtafute mwingine, wako wengi. Wala watoto wasiruhusiwe kukanyaga maji yaliyotulia penye majani: ndugu zetu wa Kwale na Tana wanaujua ugonjwa wa kichocho na konokono wanaoueneza.

Mito ya trauti katika milima ya Aberdare tunaitaja kwa ufupi, kwa kuwa ni ya vijana wakubwa wenye subira. Samaki huyo aliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan, akatiwa katika Mto Gura, ambao maji yake hatimaye hufika Kipini kwa njia ya Tana. Karibu zaidi na Nairobi kuna msitu wa Gatamaiyu, Kaunti ya Kiambu. Huko kwa kawaida havuliwi kwa nyungunyungu bali kwa nzi wa bandia, na Agosti baridi yake humtoa mtu wa Pwani machozi.

Popote mwendapo, ulizeni kibali cha kuvua katika ofisi ya uvuvi ya eneo hilo siku mbili tatu kabla. Chukueni sweta, soksi, mkeka, chakula cha mchana kilichopikwa nyumbani, chupa ya chai na kasha lenye barafu. Chukueni pia madumu mawili ya maji ya udhu, ili asiwepo wa kushuka ziwani kutawadha. Habari ya kufupisha na kukusanya sala mumuulize imamu kabla ya kusafiri, maana siku za kukaa Nairobi zina hukumu yake.

Jikoni, samaki wa maji matamu anahitaji mkono mwingine. Shombo yake ni ya matope, si ya bahari. Mparue magamba na kumtumbua pale pale, uondoe utando mweusi wa tumboni na damu iliyoganda kwenye uti, kisha mtie barafuni. Nyumbani msugue kwa chumvi na ndimu, umwache nusu saa, umsuuze. Ngege akishafanyiwa hivyo hukubali kupakwa tui, ukwaju na pilipili kama changu. Karpi ana miiba mingi na midogo. Mchanje mistari ya karibu karibu mbavuni, umkaange kwa mafuta mengi hadi miiba ivunjike mdomoni, na hata hivyo watoto wadogo wapewe ngege.