Betri Kufa Gari Likiwa Limeegeshwa: Namna ya Kutambua Chanzo

Katika parokia nyingi lipo gari ambalo kazi yake si ya kila siku. Siku ya Dominika linakwenda vigangoni, mara nyingine linabeba mahitaji ya semina, kisha linabaki bandani siku kumi au zaidi. Usiku mmoja wanafamilia wanabisha hodi wakimwomba Paroko awahi kumpaka mgonjwa mafuta. Ufunguo unazungushwa, na kinachosikika ni mlio hafifu wa stata tu. Asubuhi inanunuliwa betri mpya, na baada ya mwezi mmoja hali inakuwa ileile. Kabla ya kununua betri nyingine kwa fedha ya waamini, inafaa kuuliza swali moja: je, betri imechoka yenyewe, au kuna kitu kinachoinyonya gari likiwa limezimwa?

Gari lililozimwa halilali kabisa

Saa, redio, king'ora cha wizi na kompyuta ya injini huendelea kutumia umeme kidogo hata baada ya ufunguo kutolewa. Kwa magari mengi matumizi hayo hayapaswi kuzidi miliampea 50. Tufanye hesabu. Betri ya ampea-saa 60 inayonyonywa miliampea 50 hupoteza ampea-saa 1.2 kwa siku, hivyo hufika nusu baada ya siku 25. Lakini taa ndogo ya buti yenye wati 5, ikibaki inawaka bila mtu kujua, hutumia zaidi ya miliampea 400, yaani takribani ampea-saa 10 kwa siku. Nusu ya betri hiyo huisha katika siku tatu.

Aidha, betri ya risasi na tindikali hupoteza chaji yenyewe hata isipounganishwa na kitu chochote, na joto huongeza kasi ya upotevu huo. Ikiachwa tupu kwa muda mrefu, fuwele za salfeti ya risasi huwa ngumu juu ya sahani zake, na uwezo wake wa awali haurudi wote. Ndiyo maana kila mara betri inapokufa kabisa, maisha yake hupungua.

Kwanza, pima betri yenyewe

Chaji betri mpaka ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha ipime kwa mita ya umeme. Betri nzima iliyojaa huonesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki kidogo sana.

Sasa fungua waya wa ncha hasi, uache betri bila kuunganishwa kwa siku mbili, halafu pima tena. Ikiwa volti zimeshuka sana, betri yenyewe ndiyo mbovu. Ikiwa zimebaki karibu palepale, lakini hushuka waya unaporudishwa, basi mnyonyaji yumo ndani ya gari. Jaribio hili halihitaji utaalamu mkubwa, nalo huokoa gharama nyingi.

Vilevile washa injini na upime. Kwa magari mengi, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa haifiki hapo, yaelekea altaneta haichaji ipasavyo, na betri ilikuwa ikirudi bandani ikiwa na njaa.

Pili, mtafute mnyonyaji

Kazi hii yafaa ifanywe na fundi, au na mtu aliyezoea mita. Toa ufunguo na uzime kila kitu. Acha mlango mmoja wazi, ila ubane kitasa chake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Fungua waya wa ncha hasi, kisha weka mita kati ya ncha hiyo na waya huo, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Usiwashe gari wakati mita imeunganishwa hivyo, kwa maana stata huvuta umeme mwingi mno na mita itaungua.

Subiri kama saa moja, kwa sababu kompyuta za gari huchelewa kulala. Kisha soma mita. Ikizidi miliampea 50 kwa kiasi kikubwa, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine, ukirudisha kila moja kabla ya kwenda kwa inayofuata. Fyuzi ambayo ikichomolewa usomaji hushuka ghafla ndiyo inayoonesha njia yenye hitilafu. Wanyonyaji wa kawaida ni taa ya buti, redio au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa vibaya, na rilei iliyoganda. Ikiwa hakuna fyuzi inayobadilisha kitu, fundi aikague altaneta, kwani diodi yake ikiharibika umeme hurudi nyuma kupitia humo.

Tahadhari na matunzo

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka. Kwa hiyo moto na sigara viwe mbali. Tindikali yake huunguza macho na ngozi. Ncha hasi ifunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi ya gari isilete cheche.

Gari likijulikana kuwa litakaa majuma kadhaa, fungua ncha hasi, baada ya kuhakikisha kwamba redio na king'ora havitadai namba ya siri. Kama ni lazima liwe tayari wakati wote, liendeshwe barabarani walau nusu saa kila juma. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii, kwa sababu betri haipati muda wa kurudishiwa hata kile ilichotumia kuwasha. Tena, mtu mmoja akabidhiwe daftari la gari, aandike volti za betri kila Jumamosi. Namba zikianza kushuka, mtajua mapema, mchana, na si usiku ule mgonjwa anaposubiri.