Tanzania: Vituo vya MEMKWA na safari ya watoto walioikosa shule

Mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kushika kalamu hawezi kupelekwa darasa la kwanza na mambo yakaishia hapo. Dawati ni dogo, magoti hayaenei. Wenzake wana miaka 6 au 7, na mwalimu anapowaimbisha irabu yeye huinamisha uso. Baada ya wiki chache hukutwa tena porini na mbuzi, au stendi ya mabasi akiuza karanga. Si kwamba shule imemfukuza. Imekosa mahali pa kumweka.

Nchini Tanzania mahali hapo pamekuwa pakitafutwa kwa zaidi ya miaka 20 kupitia mpango unaofahamika kwa kifupi chake, MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ni vituo vya kujifunzia vinavyoendeshwa karibu na makazi ya watu, ambamo mtoto aliyechelewa hufundishwa kwa muda uliofupishwa kisha hurejeshwa katika shule ya kawaida.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa. Walioutunga mpango huu hawakusema walioacha shule, wala watoro. Walisema walioikosa. Kwa Kiswahili, mtu hukosa kitu ambacho alistahili kukipata, na kosa haliko lazima kwake. Katika nyaraka za serikali, ambazo aghalabu hazina huruma na maneno, hilo ni teuzi la kupongezwa.

Ili kuelewa walikotoka watoto hao, ni budi kurudi nyuma kidogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka nchi ifikie elimu ya msingi kwa wote mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu kila mtoto wa rika la shule alikuwa ameandikishwa. Kisha ukaja msukosuko wa uchumi. Ada na michango ikarejea, majengo yakachakaa, na katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya watoto waliostahili kuwa darasani hawakuwamo. Wakakua hivyo hivyo. Walipofika miaka 10, 12, 14, darasa la kwanza lilikuwa limeshawapita.

MEMKWA ilianza kwa majaribio mwaka 1999, kwa ushirikiano wa wizara yenye dhamana ya elimu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF. Miongoni mwa wilaya za mwanzo zilikuwa Kisarawe, iliyo jirani na Dar es Salaam, na Masasi, kusini, katika mkoa wa Mtwara. Ni maeneo mawili yasiyofanana, ila yote yanaijua hali ya mtoto kuhitajika nyumbani: huku anasaidia kuchoma mkaa unaopelekwa jijini, kule anaokota korosho wakati wa msimu.

Mwaka 2001 serikali iliondoa ada katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao walikuwa chini ya milioni 5, walizidi milioni 7 kufikia mwaka 2005. Milango ilifunguliwa, lakini kwa mwenye miaka 7. Kwa kaka yake mwenye miaka 13, kuondolewa kwa ada kulikuwa habari njema iliyomfikia kwa kuchelewa, na ndiyo sababu MEMKWA ilipanuliwa nchi nzima katika kipindi hicho hicho.

Wanafunzi wa vituo hivi hugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni la watoto ambao hawajatimiza miaka 14. Hao husoma kwa takriban miaka mitatu yale ambayo shule ya kawaida huyafundisha kwa minne, kisha hufanya mtihani wa darasa la nne, na wanaofaulu hujiunga na darasa la tano. Kundi la pili ni la vijana wa miaka 14 hadi 18, ambao huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Atakayefaulu anaweza kuendelea na sekondari, na asiyefaulu anatarajiwa awe amepata walau kusoma, kuandika, hesabu na stadi za kazi.

Huenda msikilizaji akajiuliza: inawezekanaje miaka minne ikabanwa kuwa mitatu, tena kwa masomo ya saa chache tu kwa siku? Jibu liko kwa mtoto mwenyewe. Mwenye miaka 6 anahitaji wiki nyingi kuuzoesha mkono wake kushika penseli. Mwenye miaka 12 anahitaji siku kadhaa. Aliyekuwa akiuza ndizi kwa mafungu anajua kwamba mafungu manne ya shilingi 500 ni shilingi 2,000, na kwamba mteja aliyetoa noti ya 5,000 anadai chenji ya 3,000. Kuhesabu anakujua. Kinachomshinda ni kukiandika anachokijua, na hapo ndipo mwalimu huanzia.

Lugha nayo husaidia. Kule Masasi, kwa mfano, watoto wengi huanza maisha kwa Kimakua, Kiyao au Kimakonde, na yule wa miaka 6 huingia darasani akijifunza Kiswahili na herufi kwa wakati mmoja. Aliyekwisha kutumwa sokoni miaka mitano amekisikia Kiswahili cha wachuuzi, cha makondakta na cha redioni. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, akishazijua silabi, maneno hufunguka upesi. Kiingereza ndicho kinachobaki kuwa kilima.

Muda wa masomo hupangwa kwa makubaliano ya wazazi, uongozi wa kijiji na wawezeshaji, kama waalimu wa vituo hivi wanavyoitwa. Mahali ambapo watoto huchota maji na kwenda shamba asubuhi, darasa huanza mchana. Sare si sharti. Chumba kinaweza kuwa darasa la shule ya jirani baada ya wanafunzi wake kuondoka, jengo la ibada, au ofisi ya kijiji. Utaratibu wa namna hii haupatikani Tanzania pekee: nchini Uganda, katika eneo la Karamoja, mpango wa elimu mbadala ulioanzishwa mwaka 1998 hupanga vipindi vya asubuhi na jioni ili mtoto wa mfugaji apate nafasi ya kwenda na ng'ombe.

Ni katika suala la wawezeshaji ambapo mpango huu umeyumba zaidi. Kwa kawaida kituo kilikusudiwa kiwe na watu wawili: mmoja mwalimu mwenye taaluma, mwingine kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupewa mafunzo mafupi. Mwalimu ana mshahara wake. Yule kijana hutegemea posho, na posho hutegemea halmashauri ya wilaya au michango ya wanakijiji. Halmashauri yenye fedha kidogo na mahitaji mengi huiweka posho hiyo mwisho wa orodha. Kijana huvumilia mwezi mmoja, miwili, kisha huenda kutafuta kazi kwingine. Kituo hakifungwi kwa tangazo lolote. Siku moja tu watoto hufika na kumkosa mtu wa kuwafundisha. Kwa mtoto aliyekwisha kuikosa shule mara moja, hiyo ni mara ya pili, na kumshawishi arudi mara ya tatu ni kazi ngumu mno.

Idadi ya wanafunzi wa MEMKWA imepungua sana ikilinganishwa na miaka ya kilele ya 2000 na kitu. Si upungufu wote ulio mbaya: maelfu waliokuwa wamelimbikizana walipitia vituoni wakaingia shule za kawaida, na watoto wa siku hizi huandikishwa mapema zaidi, hasa tangu utaratibu wa elimu bila ada ulipopanuliwa hadi kidato cha nne Januari 2016. Lakini ingekuwa kujidanganya kudhani kwamba kila kituo kilichotoweka kilitoweka kwa kukosa watoto wa kuwafundisha.

Hatua nyingine yenye uzito ni ile ya kuvuka kutoka kituoni hadi darasa la tano. Kituoni mtoto alikuwa na wa rika lake, na saa zilizoendana na kazi za nyumbani. Darasa la tano humtaka kutwa nzima, kwa sare, pamoja na wenzake walio wadogo kwake ambao wanaijua shule kwa miaka minne. Wanaofanikiwa ni wale ambao mwalimu mkuu amewapokea kama wanafunzi wake, akawaketisha miongoni mwa wengine na kukemea majina ya kejeli. Gharama yake ni ndogo, lakini hakuna bajeti inayoweza kuinunua.

Kwa wasikilizaji wenye ndugu katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ni vyema kufafanua kuwa MEMKWA imeundwa ndani ya mfumo wa elimu wa Tanzania. Watoto wa wakimbizi kutoka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamekuwa wakisoma kambini kwa mitaala ya nchi walizotoka.

Wasichana waliokatizwa masomo kwa sababu ya ujauzito wana njia yao. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua, na kwa walio katika ngazi ya sekondari wanaopendelea njia mbadala, vipo vituo vinavyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Mbele kuna badiliko jingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Utekelezaji wake ni wa hatua kwa hatua. Kwa mtoto anayetoka kituoni na kuingia darasa la tano, mfumo huo ukishakamilika, muda wa kuwafikia wenzake kabla ya kumaliza shule ya msingi utakuwa miaka miwili badala ya mitatu, na Kiingereza kitamsubiri sekondari kama lugha ya kufundishia.

Mzazi au mlezi aliye Tanzania na mwenye mtoto wa namna hii huanzia kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambao hujua kama kituo kipo na kinakutana saa ngapi.