Dhamana Si Karatasi ya Kufungia Bajia

Neno "dhamana" tumelipokea kutoka Kiarabu, na uzito wake si mdogo: ni mtu kujitwika jukumu la kitu, kikiharibika yeye ndiye wa kuulizwa. Siku hizi neno hilo huchapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi kwenye kijikaratasi ndani ya sanduku, na wengi wetu hukitupa pamoja na sanduku lenyewe.

Mjukuu wangu alidunduiza pesa zake miezi minane akanunua mtambo wa gemu katika duka moja hapa Mombasa. Wiki ya tatu mtambo ukawa hujizima wenyewe katikati ya mchezo. Nikamwambia asiuguse tena, twende nao dukani.

Muuzaji hata hakuutazama. "Mzee wangu," akasema, "mali ikishatoka hapa haina marejeo. Huo umeharibiwa na stima."

Nikamwekea mezani stakabadhi yenye tarehe, cheti cha dhamana ya mwaka mmoja, na sanduku lenye nambari ile ile iliyo chini ya mtambo. Kisha nikamwomba jambo moja tu: hilo la stima aliandike, atie na sahihi. Kalamu ikawa nzito! Akakubali kuupokea mtambo, nasi tukadai karatasi ya kuonyesha ameupokea. Siku ya kumi na sita kijana akapewa mwingine mpya.

Wasomaji, hiyo haikuwa fadhila. Waliosoma fikihi ya biashara wanaijua khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa mali, ana hiari ya kuirudisha na kurejeshewa thamani yake. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani twaifuata, sharti afanye haraka. Akiendelea kukitumia kitu baada ya kuiona aibu yake, huhesabiwa ameridhika.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Tena iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako madai yasiyozidi shilingi milioni 1 husikizwa bila kulazimika kuweka wakili.

Wala tusidhani kasoro hizi ni uzushi wa watoto. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikiri kwamba mitambo yake ya Xbox 360 ilikuwa ikiharibika kupita kiasi, ikimulika taa tatu nyekundu. Ikarefusha dhamana ya ila hiyo hadi miaka 3, na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa gharama zake. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe alikiri, muuza duka ana kiburi gani?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kijikaratasi hicho kiwekeni penye hati ya nyumba.