Je, Wajua? Filamu Iliyotikisa Maonyesho ya Mbwa

Je, wajua kwamba filamu moja iliwahi kuyaondoa maonyesho maarufu ya mbwa kwenye runinga? Agosti 2008, BBC ya Uingereza ilirusha Pedigree Dogs Exposed, filamu ya Jemima Harrison. Watazamaji walimwona mbwa akigaagaa kwa maumivu, ubongo wake umebanwa na fuvu dogo. Kisa? Wafugaji walikuwa wakipandisha ndugu kwa ndugu ili kulinda sura ya "mbwa bora".

Hasira za watu hazikuishia sebuleni. Shirika la kutetea wanyama, RSPCA, lilijitoa kwenye maonyesho ya Crufts, na BBC, iliyokuwa ikiyaonyesha tangu 1966, haikuyarusha mwaka 2009. Kennel Club, chama kinachoyaandaa, kililalamika kwamba kimeonewa. Hata hivyo, kilipiga marufuku kusajili mbwa waliozaliwa na kaka na dada, au mzazi na mwanawe.

La ajabu zaidi: mbwa wote, wawe wa kubebwa mkobani au wa kulinda geti, wametokana na mbwa mwitu. Tofauti zao nyingi za sura ni kazi ya mikono ya binadamu.