SOMO LA LEO: MANENO NA MUZIKI

Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Mchezaji huongoza taifa tangu zama za kale. Mmarekani Christopher Tin aliutungia wimbo wa kufungulia, "Baba Yetu", kwa maneno ya Sala ya Bwana ya Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka mchezo wa kompyuta.

Je, mtunzi aanze na nini? Asikilize neno. Semeni: bara-BA-ra. Hiyo ni njia ya kwenda Tunduma. Semeni: ba-RA-bara. Maana yake ni sawasawa. Ngoma ikipiga mahali pasipo pake, maana hupotea.

Sasa andikeni jina Mpemba. Mkazo uko wapi? Pigeni kofi hapo. Kwaherini.