Viwango vya ngumi: nani anavipanga?

Wadau, Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wetu wa Tanga, alimtwanga Sam Eggington kule Birmingham raundi ya pili tu, jina likapaa BoxRec. Hapa Lukozi tukabishana: nani kampandisha? Ni kompyuta, inapiga hesabu ya matokeo na ubora wa mpinzani.

The Ring, jarida la Marekani, ni tofauti: watu wanakaa, wanapanga. Hapo ndipo penye utata. Mwaka 1977 televisheni ya ABC ilifuta mashindano ya Don King baada ya kugundulika The Ring lilichapisha rekodi zenye mapambano hewa. 2007 likanunuliwa na kampuni ya De La Hoya, promota huyo! 2024 likaenda kwa Turki Alalshikh, naye anaandaa mapambano. Bondia wake akiwekwa namba 3, utaamini? Mimi kwanza naangalia kapigana na nani.