Kisichokuwamo Katika Pendekezo

Utafiti wa uzamivu, yaani ule wa shahada ya juu kabisa ambayo chuo kikuu humtunuku mtu baada ya kumtahini, hutofautiana na masomo yote yanayoutangulia kwa jambo moja la msingi: mwanafunzi hapimwi tena kwa kujua yale ambayo walimu wake wanayajua, bali kwa kuleta jambo ambalo hadi wakati huo halijulikani na mtu yeyote, walimu hao wakiwamo. Katika hisabati jambo hilo huwa ni uthibitisho. Katika kompyuta aghalabu huwa ni njia mpya ya kukokotoa, au hoja inayoonyesha kwamba njia fulani haiwezekani. Na katika fizikia, kemia na falaki mara nyingi huwa ni kipimo, pamoja na maelezo ya jinsi kilivyopatikana na sababu za kukiamini. Kazi yote huandikwa katika kitabu kiitwacho tasnifu, hufanywa chini ya uangalizi wa mwanazuoni mzoefu aitwaye msimamizi, kisha hutetewa mbele ya watahini.

Kabla ya kuruhusiwa kuanza, mwanafunzi hudaiwa pendekezo la utafiti, yaani andiko linaloeleza swali lake, vifaa atakavyovitumia na matokeo anayoyatarajia. Desturi hiyo ni njema, kwa kuwa asiyejua anachokitafuta hupoteza miaka yake na fedha za wengine. Lakini maumbile hayafungwi na pendekezo la mtu, na yapo matokeo makubwa ambayo yasingeweza kuandikwa mapema kwa sababu hapakuwa na aliyeyadhania. Namna mwanafunzi anavyolipokea jambo ambalo pendekezo lake halikulitaja ndiyo inayomtambulisha kuwa mtafiti, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi kuliko kazi iliyofanywa na Jocelyn Bell katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kati ya mwaka 1965 na 1968.

Bell alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha akapokelewa Cambridge kuwa mwanafunzi wa Antony Hewish, mtaalamu wa falaki ya redio, yaani tawi la elimu ya anga linalochunguza mawimbi ya redio yanayotoka angani badala ya nuru inayoonekana kwa macho. Swali alilokabidhiwa lilihusu kwasa, vitu ving'avu vilivyo mbali mno ambavyo wakati huo vilikuwa vimegunduliwa miaka michache tu nyuma, na lilisimama juu ya jambo ambalo kila aliyetazama anga la usiku amewahi kuliona: nyota humetameta, ilhali sayari, zinazoonekana pana kuliko nyota, hutulia. Chanzo chembamba cha mawimbi ya redio nacho humetameta, si kwa sababu ya hewa ya dunia, bali kwa sababu mawimbi yake hupita katika upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme unaotiririka kutoka katika Jua kuelekea pande zote. Kwa kuwa kwasa huonekana nyembamba sana, kumetameta huko kungeweza kutumiwa kuzitambua na hata kuukadiria upana wake.

Darubini ya kazi hiyo haikuwapo. Ilibidi ijengwe, na hapa ndipo utafiti wa uzamivu unapotofautiana zaidi na picha ambayo wengi wanayo, ya mtu aliyeketi kati ya vitabu. Kwa miaka miwili Bell na wenzake wachache walisimamisha nguzo za mbao zaidi ya 1,000 katika uwanja wa eka 4.5 nje ya mji wa Cambridge, wakatundika antena 2,048, na kuziunganisha kwa nyaya ambazo urefu wake ulifikia takriban kilomita 190. Bell alikuwa miongoni mwa waliopigilia nguzo kwa nyundo kubwa, naye ndiye aliyeshughulikia nyaya na viungio vyake. Kazi ya aina hiyo huonekana kuwa ya fundi kuliko ya msomi, lakini anayeifanya hupata ujuzi ambao msimamizi aliye ofisini hana: hujua kifaa kinavyosikika kikiwa kizima na kinavyosikika kiungio kimoja kikilegea, na kwa hiyo huweza kusema, kwa uhakika ambao hautoki katika kitabu chochote, kwamba alama fulani si hitilafu ya mtambo.

Darubini ilianza kazi Julai 1967, na tangu hapo Bell aliiendesha na kuyachambua matokeo yake peke yake. Hapakuwa na kompyuta ya kumsaidia. Mashine ilichora mistari ya wino juu ya karatasi ndefu, takriban mita 30 kila siku, na kulipitia anga lote linaloonekana kutoka hapo kulichukua siku nne, yaani karatasi ya karibu mita 120. Mwanafunzi alipaswa kuupitia mchoro huo kwa macho na kutenga aina mbili za alama: zile za vyanzo vinavyometameta, alizozitafuta, na zile za mwingiliano unaotokana na shughuli za watu, kwa mfano cheche za injini za magari, ambazo zilipaswa kupuuzwa. Baada ya majuma kadhaa alikuwa amezizoea zote mbili kiasi cha kuzitambua kwa kutupa jicho, na kwa sababu hiyohiyo aliona kwamba kulikuwa na alama ya tatu isiyofanana na hizo, ikichukua takriban milimita 6 tu katika karatasi yote ile, naye akakumbuka kwamba alikwisha kuiona siku za nyuma katika sehemu ileile ya anga.

Inafaa kulitazama kwa karibu jambo hilo la milimita 6, kwa kuwa mtafiti mwingine angeweza kuliacha bila kulaumiwa na yeyote. Halikuhusiana na swali la tasnifu, na tayari palikuwa na kapu la kulitupia, yaani lile la mwingiliano. Lakini aliporudi nyuma kuzikagua karatasi, Bell aliona kwamba alama ilijirudia si kila baada ya saa 24, kama ambavyo ingekuwa kwa mashine inayowashwa na watu kwa ratiba ya kazi, bali kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ndio muda ambao dunia huchukua kujizungusha mara moja ukilinganisha na nyota. Zaidi ya hayo, ilitokea usiku, wakati darubini ilipoelekea upande ulio mbali na Jua, mahali ambapo kumetameta kwa kawaida huwa hafifu. Alama hiyo, basi, ilikwenda pamoja na nyota na kukataa kufuata kanuni ya vyanzo vinavyometameta.

Hewish alishauri mashine ya kuchora iendeshwe kwa kasi zaidi kila chanzo hicho kinapopita, ili alama itanuke na undani wake uonekane. Kwa majuma chanzo kilififia na hapakupatikana kitu. Hatimaye, tarehe 28 Novemba 1967, kalamu ilichora mfululizo wa mapigo yaliyopishana kwa nafasi sawa, pigo moja kila baada ya sekunde 1.337. Hakuna nyota iliyojulikana wakati huo ambayo ingeweza kufanya hivyo. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na kitu kinachotoa pigo la sehemu ndogo tu ya sekunde hakiwezi kuwa kikubwa, kwa kuwa mawimbi ya upande wake wa mbali yangechelewa na kulifanya pigo lipanuke. Hesabu hiyo ilionyesha kwamba chanzo kilikuwa kidogo kuliko dunia.

Kilichofuata ni mfululizo wa majaribio ya kuuvunja ugunduzi wenyewe, na hiyo ndiyo sehemu ya utafiti ambayo wasomaji wa magazeti huisikia kwa nadra, ingawa ndiyo inayouthamanisha. Wenzake wawili wa Bell, Paul Scott na Richard Collins, walikitafuta chanzo kwa darubini nyingine na kipokezi kingine, wakakipata, kwa hiyo hitilafu ya mtambo ikaondolewa. Mwenzao John Pilkington alipima jinsi mawimbi ya masafa ya chini yanavyochelewa nyuma ya yale ya juu yanapopita katika elektroni zilizotawanyika kati ya nyota, na kutokana na uchelewaji huo umbali ukakadiriwa kuwa miaka-nuru 200 hivi, nje kabisa ya mfumo wa Jua. Hata dhana kwamba ni ishara za viumbe wenye akili, ambayo kundi liliitania kwa kukiita chanzo hicho jina la viumbe wadogo wa kijani, ilipimwa kwa uzito: kama watumaji wangeishi juu ya sayari inayoizunguka nyota yake, nafasi kati ya mapigo ingebadilika kidogo kidogo kadiri sayari inavyokaribia na kwenda mbali, lakini mabadiliko pekee yaliyoonekana yalikuwa yale ya mwendo wa dunia yenyewe. Kisha, Desemba 21, Bell alikuta alama ya namna ileile katika sehemu nyingine ya anga, ikipiga kila baada ya sekunde 1.2. Chanzo cha pili kilikuwa na uzito zaidi kuliko hoja zote zilizotangulia, kwa sababu kiligeuza kioja kuwa kundi.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 24 Februari 1968, jina la Hewish likiwa la kwanza na la Bell la pili kati ya waandishi watano. Mwaka uleule mwanafalaki Thomas Gold alieleza kwamba vyanzo hivyo, vilivyokuja kuitwa pulsa, ni nyota za nyutroni zinazojizungusha: mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka, yenye uzito unaozidi ule wa Jua ilhali upana wake ni kilomita 20 hivi, yakirusha mwale ambao huipitia dunia kwa vipindi, kama taa ya mnara wa bandarini inavyowapitia mabaharia. Bahati nayo ilikuwamo, lakini ya namna ya pekee. Darubini nyingi za wakati huo zilikusanya mawimbi kwa muda mrefu na kuchukua wastani ili kuongeza usikivu, na wastani huo huyafuta mapigo ya haraka. Ile ya Cambridge, kwa kuwa ilijengwa kufuatilia kumetameta, ililazimika kuitikia upesi.

Tasnifu ya Bell, iliyowasilishwa 1968 na kumpatia shahada mwaka uliofuata, ilihusu upimaji wa upana wa vyanzo vya redio, kama lilivyotaka pendekezo; pulsa ziliwekwa katika kiambatisho. Msomaji wa leo huweza kushangaa, lakini watahini walimpima mwanafunzi kwa swali alilokabidhiwa, kwa ukamilifu wa njia yake na uaminifu wa hesabu zake, na kwa mizani hiyo tasnifu ingetosha hata kama pulsa zisingekuwapo.

Hatari kubwa zaidi ni pale ambapo matokeo yasiyotarajiwa yamo ndani ya tasnifu yenyewe na yanakabiliwa na mtu mwenye mamlaka. Cecilia Payne, Mwingereza aliyekwenda Marekani kwa kuwa Cambridge ya wakati wake haikuwapa wanawake shahada, alitumia mlinganyo wa mwanafizikia wa Kihindi Meghnad Saha kuchambua nuru ya nyota katika kituo cha falaki cha Harvard, akapata kwamba nyota zimejaa hidrojeni na heli kwa wingi usiolingana kabisa na mchanganyiko wa elementi za dunia. Henry Norris Russell, aliyekuwa na sauti kuu katika fani hiyo, aliona kwamba haiwezekani, na katika tasnifu yake ya 1925 Payne aliandika kwamba karibu ni hakika wingi huo si wa kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifikia matokeo yaleyale kwa njia nyingine na kukiri kwamba Payne alimtangulia. Hesabu za mwanafunzi zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia azisimamie.

Kuhusu Bell, mjadala ulizuka mwaka 1974 wakati Tuzo ya Nobeli ya fizikia ilipotolewa kwa Hewish na mwanafalaki mwenzake Martin Ryle, naye akaachwa, na mwanafalaki Fred Hoyle akapinga hadharani. Bell mwenyewe hakulalamika. Alisema kwamba msimamizi ndiye anayebeba jukumu la mwisho, mradi ufaulu au ushindwe. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu wazo la darubini na fedha zake vilitoka kwa Hewish, lakini haitoshi: jukumu la mradi ni jambo moja, na kuona kile ambacho mradi haukukiuliza ni jambo jingine, na hilo la pili lilifanywa na mwanafunzi.

Mwaka 2018 Bell alitunukiwa Tuzo Maalumu ya Breakthrough ya fizikia, yenye dola milioni 3 za Marekani, akazitoa zote kwa taasisi ya wanafizikia wa Uingereza na Ireland ili ziwasomeshe katika ngazi ya uzamivu wanawake, wakimbizi na wengine walio wachache katika fani hiyo. Sababu aliyoitoa inarudi moja kwa moja kwenye zile karatasi za 1967: alipofika Cambridge alijiona mgeni asiyestahili kuwapo, akaamini kwamba siku moja wangegundua kosa na kumfukuza, na akaazimia kufanya kazi kwa ukamilifu kiasi kwamba, siku hiyo ikifika, dhamiri yake isimsute.